Sura ya Sita: Nani Ajieleze?

Kitu chenye bei mbili lazima kivuje. Serikali ikinunua mchele kwa bei ya soko kisha ikauuza kwa maskini kwa bei ya kutupa, ile tofauti ya katikati ni pesa inayomsubiri yeyote mwenye ufunguo wa ghala, usukani wa lori au mizani ya duka. Watanzania waliopanga foleni kwenye maduka ya kaya enzi za uhaba wa sukari na sabuni wanalijua hilo bila kusomeshwa. Mbolea ya ruzuku, dawa za hospitali za umma na chakula cha msaada vyote vinafuata kanuni hiyohiyo.

Sura hii inakwenda India, kwa sababu huko ndiko karibu kila mbinu ya kuziba mvujo imejaribiwa, tena kwa ukubwa ambao sisi hatujawahi kuufikia. Sheria ya Taifa ya Usalama wa Chakula ya mwaka 2013 iliwapa haki ya nafaka watu wapatao milioni 800. Familia ya kawaida iliyomo kwenye orodha hupata kilo 5 kwa kila mtu kwa mwezi, na kaya zilizo fukara zaidi hupata kilo 35 kwa kaya. Bei iliwekwa rupia 3 kwa kilo ya mchele na rupia 2 kwa kilo ya ngano, na tangu Januari 2023 nafaka hiyo hutolewa bure. Maduka ya mgao yanazidi 500,000.

Ifuate punje moja. Mkulima wa Punjab anaiuza kwa serikali kwa bei iliyotangazwa. Shirika la Chakula la India, lililoanzishwa mwaka 1965, linaihifadhi na kuipeleka kwa treni hadi jimbo lenye uhitaji. Jimbo linaipokea, linaishusha kwenye maghala yake ya wilayani, kisha lori linaifikisha dukani. Muuza duka anapima, mwenye kadi anabeba. Kila makabidhiano yana mizani na sahihi, na kila penye mizani na sahihi pana mtu anayeweza kupunja.

Kiasi kilichokuwa kikipotea kinaweza kukadiriwa. Wachumi Jean Drèze na Reetika Khera walichukua takwimu za nafaka iliyotoka maghalani, wakailinganisha na nafaka ambayo familia ziliwaambia wadadisi wa serikali kwamba zimeipata kutoka maduka ya mgao. Kinachokosekana kati ya hesabu hizo mbili ndicho kilicholiwa njiani. Kwa mwaka 2004–05 kilikuwa kama asilimia 54 ya nafaka yote. Zaidi ya nusu. Katika jimbo la Bihar ilikuwa asilimia 91, maana yake kati ya magunia kumi yaliyotolewa kwa jina la maskini, maskini aliona moja tu.

Daftari lililofungiwa kabatini

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jimbo la Rajasthan, India, madaftari yalikuwepo, tena yamejazwa vizuri, na mali ikapotea vilevile.

Mwaka 1990 Aruna Roy, aliyekuwa ameacha kazi katika utumishi wa juu wa serikali, pamoja na Nikhil Dey, Shankar Singh na wanavijiji wa jimbo hilo waliunda umoja wa vibarua na wakulima unaojulikana kwa kifupi kama MKSS. Vibarua wa miradi ya serikali walikuwa wakilipwa chini ya ujira wa kisheria. Walipouliza, waliambiwa kumbukumbu zinaonyesha hawakumaliza kazi. Walipoomba kuziona kumbukumbu hizo, waliambiwa ni siri ya serikali.

Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, MKSS iliitisha mkutano wa hadhara. Nakala za malipo zilizopatikana kwa mbinde zilisomwa kwa sauti mbele ya wenye majina yao. Katika mikutano ya namna hiyo iliyofuata, marehemu walikutwa wamepokea ujira, waliohamia mijini walikutwa wamebeba mawe kijijini, na ujenzi uliokwisha kulipiwa haukuonekana machoni. Hapakuwa na kompyuta. Karatasi zilezile zilizotumika kuficha wizi ndizo zilizoufichua, kwa kuwa zilisomwa na watu waliojua nani amekufa na nani amehama. Vuguvugu hilo lilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya India ya mwaka 2005.

Uganda ilipitia somo kama hilo. Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipofuatilia ruzuku ya serikali kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995, walikuta shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya fedha zilizotumwa kwa ajili yake. Sehemu kubwa ya zilizobaki iliishia mikononi mwa watu wa wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wapo watafiti wanaosema mageuzi mengine ya wakati huo nayo yalichangia, na huenda ni kweli. Hata hivyo mwalimu mkuu aliyejua idadi alikuwa na kitu cha kumwonyesha ofisa wa wilaya, na yule asiyejua alibaki kushukuru kwa chochote alichopewa.

Lori la njano

Jimbo la Chhattisgarh lilizaliwa mwaka 2000 likiwa maskini na likiwa na maduka ya mgao yaliyozoeleka kwa wizi. Kuanzia 2004 liliyatoa maduka hayo mikononi mwa wafanyabiashara binafsi na kuyakabidhi kwa serikali za vijiji, vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama. Mwenye duka jipya alikuwa jirani wa wateja wake, na hakuwa na pa kujificha.

Kisha jimbo likafanya jambo ambalo wanasiasa wengi hulikwepa: lilimwongezea muuza duka kipato. Kamisheni ilipanda kutoka rupia 8 kwa kila kilo 100 hadi rupia 30. Hesabu yake ni nyepesi. Duka ambalo haliwezi kujiendesha kwa uaminifu litajiendesha kwa wizi, hata ukibandika mabango ya kupinga rushwa kila ukuta.

Malori yalipakwa rangi ya njano na kuandikwa kwa herufi kubwa kwamba yamebeba nafaka ya mgao. Lori la njano likionekana limeegeshwa nyuma ya kinu cha mfanyabiashara, mtoto wa shule anajua kuna jambo. Raia yeyote aliweza kuandikisha namba ya simu na kupata ujumbe mfupi kila nafaka ilipotoka ghalani kwenda duka la kijijini kwake. Nafaka ilifikishwa hadi mlangoni mwa duka mwanzoni mwa mwezi, ikagawiwa kwa siku maalumu, watu wote wakitazamana.

Kompyuta zilitumika kwa wingi katika mageuzi hayo, ila zilielekezwa juu: kwa mwenye ghala, kwa dereva, kwa muuza duka. Mwaka 2012, mjini Raipur, jimbo lilianza kumruhusu mwenye kadi kuchukua mgao wake katika duka lolote la mji. Muuza duka aliyezoea kusema “rudi kesho” akaanza kuona wateja wakihamia mtaa wa pili na kamisheni ikiwafuata. Kufikia 2011–12, kwa makadirio ya Drèze na Khera, mvujo wa Chhattisgarh ulikuwa umeshuka kutoka takriban nusu hadi kama sehemu moja ya kumi. Hata Bihar ilishuka hadi takriban robo. Wapiga kura wa Chhattisgarh walimpachika waziri kiongozi wao, Raman Singh, jina la utani la Baba wa Mchele, na kumrudisha madarakani.

Hadithi hiyo ina doa lake. Mwaka 2015 wapelelezi wa jimbo walivamia ofisi za shirika la ugavi kwa tuhuma kwamba mchele hafifu ulikuwa ukipokelewa kwa mlungula. Lori la njano lilihesabiwa vizuri. Kilichokuwa ndani ya magunia hakikupata macho ya kutosha.

Kidole

Mbinu ya tatu ilikuja na namba ya tarakimu 12 inayoitwa Aadhaar. Mamlaka yake iliundwa mwaka 2009, namba za kwanza zikatolewa Septemba 2010, na leo karibu kila mtu mzima nchini anayo, pamoja na alama zake za vidole, mboni za macho na picha. Hoja ya kuileta kwenye mgao ilikuwa kwamba orodha zimejaa majina hewa, na kwamba asiyeweka kidole asipewe.

Tazama inavyofanyika dukani. Mama anafika na kadi. Muuza duka anaingiza namba kwenye kimashine cha mkononi, anachagua jina la mama katika orodha ya familia, kisha mama anabonyeza kidole kwenye kioo. Alama inafungwa kwa siri, inasafiri kwa mtandao wa simu hadi kwenye seva kuu, na jibu linarudi: ndiye au siye. Ili jibu lirudi, lazima betri iwe na chaji, mtandao uwepo, seva isizidiwe, kioo kiwe safi na kidole kisomeke. Kidole cha mtu aliyevunja kokoto, kufinyanga matofali na kusugua masufuria kwa miaka 40 kimesagika. Wazee na vibarua, waliokusudiwa na mgao kuliko wote, ndio ambao mashine huwakana mara nyingi zaidi. Kuna vijiji ambako mashine ililazimika kupandishwa juu ya paa au mti kutafuta mtandao.

Sasa angalia kile ambacho kidole hakikioni. Familia ya watu watano inastahili kilo 25. Mama amekubaliwa, mashine imeandika kilo 25, na kumbukumbu hiyo imepaa hadi makao makuu ikiwa safi kabisa. Muuza duka anapima kilo 22 na kusema ghalani nao walimletea pungufu. Mama akikataa, atarudi nyumbani mikono mitupu. Kidole kimethibitisha kwamba mama ni mama. Juu ya zile kilo tatu hakina neno. Upunjaji huu ni ndugu wa lumbesa tunayoijua sokoni: karatasi inataja gunia, mizani ingetaja jingine. Majina hewa yanaweza kuzuiwa na kidole. Kupunja hakuzuiwi, na sasa kuna stakabadhi inayomtetea mpunjaji.

Wachumi Karthik Muralidharan, Paul Niehaus na Sandip Sukhtankar walipima matokeo hayo katika jimbo la Jharkhand, kwenye mfumo uliogusa watu milioni 15. Kwa kuwa maeneo yaliyotangulia kupata mashine yalichaguliwa kwa bahati nasibu, ulinganisho wao ni wa kuaminika. Hawakukuta wizi umepungua kwa kiasi cha kuonekana. Walikuta gharama za mwananchi kufuata mgao, yaani nauli na muda, zimepanda kwa asilimia 17. Kwa familia ambazo hazikuwa na mtu hata mmoja aliyeunganishwa na Aadhaar, thamani ya mgao ilishuka kwa asilimia 10.

Jambo lililofuata Julai 2017 lilikuwa chungu zaidi. Serikali ya jimbo iliwaambia wauza maduka: kwa mujibu wa mashine, bado mna akiba ya miezi iliyopita, hivyo tutawaletea pungufu. Kwenye hesabu hoja hiyo haina kasoro. Lakini akiba ile nyingi ilikuwa imeshauzwa, na muuza duka aliyebanwa hakuirudisha kutoka mfukoni mwake, aliwapunguzia wateja. Mvujo ulishuka kweli, na mgao wa maskini nao ukashuka. Malalamiko yalizidi hadi utaratibu huo ukasimamishwa baada ya miezi michache.

Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, katika wilaya ya Simdega jimboni humo, mtoto wa kike alifariki. Kadi ya familia yake ilikuwa imefutwa kwa kutounganishwa na Aadhaar. Familia na watetezi wa haki ya chakula walisema njaa imemuua. Serikali ya jimbo ilisema ni malaria. Mwezi uliofuata serikali kuu iliyaagiza majimbo yasimnyime mtu mgao kwa sababu tu hana namba hiyo. Kilichoagizwa kwa waraka kilitakiwa kuwa kimejengwa ndani ya mfumo tangu siku ya kwanza.

Haya hayamaanishi kwamba alama za vidole zina laana. Watafiti walewale watatu walichunguza kadi za kielektroniki za alama za vidole katika Andhra Pradesh, zilizotumika kulipa ujira wa kazi za umma na pensheni. Huko wizi wa ujira ulipungua kwa takriban asilimia 41, na watu walilipwa haraka zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa hii: Andhra Pradesh haikuifanya kadi kuwa sharti. Baada ya miaka miwili kama nusu tu ya malipo ndiyo yaliyopita kwenye kadi, na waliobaki walilipwa kwa njia ya zamani. Viongozi walipima mafanikio kwa kuangalia kama mtu amelipwa kwa urahisi. Jharkhand walipima kwa fedha iliyookolewa. Mashine zinazofanana, amri tofauti, matokeo tofauti.

Siri ya nani, uwazi wa nani

Ukikusanya vidole vya watu bilioni moja, umejipa pia kazi ya kuvilinda na kulinda kila kinachoambatana navyo. Aprili 2017 tovuti ya serikali ya Jharkhand ilianika namba za Aadhaar za wastaafu na wazee zaidi ya milioni moja kwa kosa la programu. Januari 2018 mwandishi wa gazeti la The Tribune alieleza jinsi alivyolipa rupia 500 na kupewa mlango wa kuingilia taarifa za waliosajiliwa. Mamlaka ya Aadhaar ilisema alama za vidole zenyewe hazikuguswa, kisha ikapeleka malalamiko polisi, na jina la mwandishi likiwemo.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kichwa chini. Taarifa za mwananchi zilikuwa zikinunuliwa mtaani, huku mwananchi huyohuyo akihangaika kujua kwa nini kadi yake imefutwa, nani aliifuta na amlalamikie nani. Mfumo wa ugavi unahitaji usalama na uwazi kwa pamoja, na vyote viwili vina mahali pake. Shehena, bei, tarehe za malori na majina ya wanaosaini ni mambo ya kubandikwa ukutani. Mwili wa mtu, afya yake na umaskini wake ni mambo ya kufungiwa. Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India, kwa kura nne dhidi ya moja, iliruhusu Aadhaar iendelee kutumika kwenye ruzuku lakini ikazuia kampuni binafsi kuidai. Jaji D. Y. Chandrachud, aliyepinga peke yake, aliona mpango mzima unakiuka katiba.

Mbolea yetu

Msomaji wa Moshi au Nakuru asidhani haya ni ya mbali. Mpango wa vocha za pembejeo Tanzania, ulioanza mwaka 2008, uliziachia kamati za vijiji kazi ya kupendekeza wakulima wa kupewa vocha za mbolea na mbegu. Lei Pan na Luc Christiaensen walipochunguza ugawaji wa mwaka 2009 mkoani Kilimanjaro, walikuta takriban asilimia 60 ya vocha ziliingia kwenye kaya za viongozi wa kuchaguliwa wa vijiji. Ruzuku iliyorudi mwaka 2022 ilikuja na usajili wa kidijitali na namba ya mkulima, na hilo lilipunguza nguvu ya kalamu ya kamati. Halikumsogezea mkulima wakala: msimu wa kwanza malalamiko ya foleni na umbali yalisikika mikoa mingi.

Kenya nayo ilisajili wakulima na kuwatumia vocha kwa simu ili wachukue mbolea ya ruzuku. Mwaka 2024 ikabainika kwamba sehemu ya mbolea iliyopitia njia hiyo ilikuwa feki, wakulima wakiwa wameshaipanda na mahindi. Bunge lilijadili hoja ya kumng’oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati teule ikamsafisha. Kumbukumbu za kidijitali ziliweza kuonyesha ni mkulima gani amechukua mifuko mingapi na siku gani. Hazikuweza kuonyesha mfuko una nini, kwa kuwa aliyetakiwa kuhakikiwa kila hatua alikuwa mkulima.

Ukiyaweka pamoja Kot Kirana, Raipur, Jharkhand na Kenya, kigezo cha kupima mfumo wowote wa ugavi wa umma kinajitokeza chenyewe: angalia unamdai nani ajieleze. Mfumo unaomtaka mwenye ghala ajieleze kwa mwenye njaa hupunguza wizi, hata ukiwa wa karatasi na kipaza sauti. Unaomtaka mwenye njaa ajieleze kwa mwenye ghala huhamisha wizi tu, hata ukiwa na seva za kisasa.

Kwa hiyo siku waziri atakapokata utepe wa mfumo mpya, waandishi wa habari na wabunge waachane na swali la umegharimu kiasi gani na umesajili wangapi. Waulize kidole kikikataliwa, mfuko unatoka au unabaki. Waulize kama mpokeaji anaweza kupima upya mbele ya watu, na kama takwimu za ghala zinaonekana kijijini. Waulize lalamiko likipelekwa linajibiwa na nani, ndani ya siku ngapi, na asipolijibu anakatwa nini. Sheria ya India ya 2013 inasema asiyepewa nafaka yake alipwe posho badala yake. Huo ni mwanzo mzuri wa kuigwa, mradi posho hiyo ilipwe kweli. Mfumo usio na majibu ya maswali hayo haujawa tayari kuzinduliwa, na utepe usubiri.